Sifa za Tiki ya Bluu

Washairi wamesifu mnazi, na machawa humsifu yeyote aliyetuma muamala asubuhi. Tiki ya bluu, ile alama ndogo inayokaa ubavuni mwa jina la mtu kwenye mtandao wa X, haijapata msifiaji, labda kwa sababu walio nayo wanajisifu wenyewe inatosha. Acha nijitolee. Nasifu bure, jambo ambalo kwa mada hii ni geni.

Asili yake ni ya heshima. Mwaka 2009 Tony La Russa, kocha wa timu ya besiboli ya St. Louis Cardinals ya Marekani, aliishtaki Twitter, kama X ilivyoitwa wakati huo, kwa sababu mtu alifungua akaunti kwa jina lake na kuandika mizaha ambayo yeye hakuisema. Twitter ikaanza kuwawekea alama watu mashuhuri: huyu ndiye, si mwingine. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Sisi watazamaji, kwa ukarimu wetu, tukaipandisha cheo. Kutoka "huyu ndiye mwenyewe" tukafika "huyu anajua anachosema". Mwanamuziki akaeleza chanjo, mchekeshaji akachambua bajeti, nasi tukapokea. Barua ikishagongwa mhuri wa serikali ya mtaa, nani tena anahangaika kusoma yaliyoandikwa juu yake?

Hebu fikiria muda tuliookoa! Zamani, ili ujue kama hoja ina uzito, ilibidi uisikilize mpaka mwisho, uulize ushahidi uko wapi, na siku mbaya ukubali kwamba hasimu wako kasema kweli. Tiki imetuondolea adha hiyo. Jicho linatua kwenye rangi, kichwa kinapumzika.

Wajanja waliiona thamani yake mapema. Utafiti wa taasisi ya Mozilla wa mwaka 2021 kuhusu Kenya ulieleza jinsi watu walivyolipwa kati ya dola 10 na 15 ili wasukume hashitegi za kuwashambulia majaji na wanaharakati, na akaunti zenye tiki, za kukodishwa, hazikukosekana humo. Hiyo ilikuwa enzi ya kupangisha. Enzi ya kuuza ilikuwa njiani.

Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, kisha akalalamika kwamba tiki imewagawa watu kuwa mabwana na makabwela. Dawa aliyotoa ni ya kimapinduzi: kila kabwela alipe dola 8 kwa mwezi, awe bwana. Hapo ndipo tiki ilipochanua. Mtu mmoja alilipa, akajiita Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa, na tarehe 10 Novemba akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni halisi ikalazimika kuomba radhi kwa ujumbe ambao haikuuandika, ikifafanua kwa lugha ya adabu kwamba hapana, si bure. Siku iliyofuata hisa zake zilishuka kwa zaidi ya asilimia 4 (ingawa hisa hushuka kwa sababu nyingi). Ikumbukwe kwamba wagunduzi wa insulini waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Watu wale hawakujua biashara. Dawa ya kuokoa maisha dola 1, tiki ya mwezi mmoja dola 8.

Tiki haibagui hata marehemu. Aprili 2023 waliopewa bure zamani walinyang'anywa, lakini siku chache baadaye ikaonekana tena kwenye akaunti za mchezaji wa kikapu Kobe Bryant na mwigizaji Chadwick Boseman, wote waliofariki mwaka 2020, pamoja na maelezo kwamba mwenye akaunti amelipia na kuthibitisha namba yake ya simu. Msimbo wa simu wa huko waliko sijaupata.

Lakini fadhila yake kuu ni kwa mijadala. Majibu ya waliolipia hupandishwa juu, kwa hiyo huna haja ya kuyatafuta maneno ya daktari, mwanasheria au mkulima anayelijua jambo lenyewe. Yako chini huko, salama, hayamsumbui mtu. Julai 2023 baadhi ya wenye tiki walianza kugawiwa pato la matangazo yaliyoonekana katika majibu yaliyofuata posti zao. Ukiandika neno la busara, watu watasoma, watatikisa kichwa na kwenda zao. Andika kwamba wanawake wote ni waongo, au kwamba kabila fulani halina shukrani, majibu yamiminike, na kila tusi unalotukanwa linaweza kukuingizia chochote kitu. Ni nani katika historia ya ubishi aliyewahi kulipwa kwa kukosea?

Wivu haukosi. Desemba 2025 Kamisheni ya Ulaya iliitoza X faini ya Yuro milioni 120, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni tiki hiyo kwamba inawahadaa watu, kwa kuwa yeyote anaweza kuilipia bila kuhakikiwa ni nani. Kamisheni inadai tiki iseme kweli. Inataka mengi.

Nawe msomaji usiye na tiki, uliyeandika jibu lako jana usiku baada ya kusoma ripoti nzima kurasa zote, jibu hilo lipo. Liko chini ya tangazo la sarafu za kidijitali na watu arobaini wanaocheka kwa emoji. Ukitaka lionekane, bei unaijua.