Sifa za Breki ya Dramu

Waisifuo breki ya diski waendelee kuisifu, ile inayokaa wazi mbele ya kila mpita njia, unene wa pedi zake ukijulikana kwa kuchungulia tu. Mimi namsifu mwenye haya. Breki ya dramu, kama ile ya Land Rover Series III, haianiki maradhi yake hadharani. Imejifungia ndani ya chungu cha chuma, na anayetaka kuijua sharti aje na jeki, spana, nyundo na subira.

Tena husema kwa mafumbo. Ukikanyaga pedali ikashuka mno, ukarudia upesi ikapanda, inakuarifu kwamba viatu vya breki vimelika vikawa mbali na dramu. Zungusha kirekebishi kilicho nyuma ya bamba mpaka gurudumu likwame, kisha legeza kidogo. Pedali ikibonyeabonyea, kuna hewa kwenye mafuta. Gari likivuta kushoto, usikimbilie gurudumu la kushoto: huenda ndilo pekee linalofanya kazi, na la kulia silinda yake imeganda kwa kutu. Anaumwa huyu, anashtakiwa yule. Diski gani yenye ufasaha huo?

Kuivua dramu ni ibada. Kwanza legeza virekebishi, maana dramu iliyolika huota ukingo unaovinasa viatu. Ndipo uigonge, kwa heshima. Ukikuta ndani kumelowa, nusa. Kwenye magurudumu ya nyuma, mafuta mazito yenye harufu kali ni ya difu, yamepita sili ya habu. Mepesi, yanayobambua rangi, ni ya breki: mpira wa silinda umechoka. Lainingi ya viatu iliyolowa usiioshe kwa petroli ukajidanganya. Badilisha, tena pande zote mbili. Vumbi nalo usilipulize, kwani lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Mahasidi hawakosi kuutaja mteremko wa Kitonga, ambako dramu hupata moto, ikatanuka, ikavikimbia viatu, pedali ikazama. Kweli. Lakini ni nani aliyewafundisha madereva wa zamani kushuka na gia ndogo, kama si yeye?

Na handibreki ya Land Rover hiyo? Nayo ni dramu, moja tu, imepachikwa nyuma ya giaboksi, mahali ambapo mafuta yanayovuja huifikia bila usumbufu. Ndiyo maana mwenye gari hatoki nyumbani bila jiwe la kukingia tairi.