Jinsi ya Kuomba Shule ya Biashara Bila Kuiua Turkana kwa Njaa

Kwanza, tazama ni nani anakufa katika aya ya kwanza ya insha yako ya maombi. Kama kuna jua kali, vumbi na mtoto aliyekonda, kisha wewe unashuka kwenye Land Cruiser na daftari mkononi, futa yote. Insha hiyo angeweza kuiandika hata mtu ambaye hajawahi kuvuka Kainuk na kuingia Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Sasa kujitolea. Ukidai uliwainua akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, eleza uliwapa nini, walikifanyia nini, na ulipoondoka nani alibaki na ufunguo wa stoo. Kambi ilianza 1992. Wapo waliokuwa wakiuza chai na unga humo kabla hujazaliwa. Mwaka 2018 IFC, taasisi ya Benki ya Dunia inayoshughulika na sekta binafsi, ilikadiria uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, wenye biashara zaidi ya 2,000. Ukisema uliwafundisha watu hao kuuza na kununua, uwe na ushahidi mzito. Kama kazi yako ilikuwa kupanga foleni ya mgao, andika foleni: watu walingoja saa ngapi, na wewe ulipunguza nini.

Nawe uliyezaliwa Lodwar, humo humo Turkana, usijigeuze mgeni kwenu. Wengi huacha kutaja miaka waliyomsaidia shangazi kuleta samaki wakavu kutoka Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, eti kwa sababu hakukuwa na cheti. Ulijua bei ya ziwani, nauli, hasara ya samaki waliovunjika njiani, na mteja gani halipi. Itaje kazi hiyo mapema, tena kwa hesabu zake.

Kwenye malengo ndiko watu hupaa kabisa. Ukiandika "kuibadilisha Afrika", hakuna anayeweza kukuuliza umefika wapi. Shika tatizo moja, kwa mfano deni la dukani kambini. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kutuma Bamba Chakula, fedha za kununulia chakula, kwenye simu za wakimbizi, wazitumie kwa wafanyabiashara walioidhinishwa. Mwaka 2019 makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, jirani na Kakuma, yakaanza kupata Bamba Chapaa, yaani fedha taslimu za kutumia popote. Lakini fedha huchelewa, familia hukopa unga dukani, na wengine humwachia mwenye duka kadi ya benki ya kutolea fedha hizo kama dhamana. Ambaye kadi yake imeshikwa hawezi kwenda duka la pili kutafuta bei nafuu, hata fedha zikiingia. Andika basi: nataka kusomea fedha ili nianzishe mkopo mdogo usiomfunga mteja kwa muuzaji mmoja. Atakayeisoma anaweza kukubishia kuhusu riba, hasara na mtaji, na mabishano hayo ndiyo utakayoyakuta darasani.

Kabla ya kutuma, msomee insha mmoja wa watu uliowataja ndani yake. Akiuliza, "Huyu unayemsema ni nani?", rudi uandike upya.