Kabla ya Kuja Iringa, Shona Mifuko

Safari ya bonde la Ruaha Mdogo huanzia nyumbani, kwa sindano na uzi. Chukua suruali utakayovaa, ushone mifuko yote: ya mbele, ya nyuma, na ile midogo ya pembeni ambayo fundi aliiweka kwa mapambo tu. Begi la mgongoni litie maji, mkate na sweta, ufunge zipu, umkabidhi mwenzako aliye mkali kuliko wewe. Sababu utaijua tukifika Isimila. Kwa sasa wewe shona.

Na hilo sweta usilidharau. Mji wa Iringa uko juu, mita zipatazo 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mto unapita chini yake. Mtu wa Dar es Salaam anayeshuka stendi mwezi wa Juni au Julai na fulana ya mikono mifupi hujulikana toka mbali: amejikunyata, na anauliza chai iko wapi kabla ya kuuliza njia. Hata hivyo miezi hiyo ndiyo mizuri kwa kutembea, maana ardhi imekauka. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua hunyesha kwelikweli, makorongo hujaa maji, na udongo mwekundu huteleza. Ukija kipindi hicho vaa viatu vya kazi. Vile vyeupe ulivyonunua kwa ajili ya picha viache kabatini, vitakushukuru.

Kingine cha kubeba ni salamu. Njia za bonde hili hazikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ni njia za watu wanaokwenda shambani, kisimani, kanisani na mnadani, na nyingi zinapita kati ya mahindi na nyanya za mtu. Ukimkuta mama analima, simama, sema "Kamwene, mama." Ataitika, atakutazama viatu, na hapo ndipo umuulize njia. Kwa mzee, shikamoo inafanya kazi huku kama inavyofanya kazi kwenu. Yupo mgeni anayepita na spika za masikioni, macho kwenye ramani ya simu, hasalimii mtu. Simu itamwonyesha kwamba yuko katikati ya eneo la kijani lisilo na jina. Mama aliyempita bila salamu analijua jina la kila kijito, na anajua pia ni kivuko kipi kilichukuliwa na maji mwaka huu.

Sasa Isimila. Ni kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya. Panda gari la Mafinga, mwambie konda akushushe njia panda ya Isimila, sehemu iliyobaki utembee. Ukifika, lipa kiingilio, dai risiti, kisha mfuate mwongoza wageni. Mfuate, usimtangulie. Hili nalisisitiza kwa sababu wageni wengi huwa wameshaziona nguzo za udongo za Isimila kwenye picha, kwa hiyo wakivuka tu geti wanashika njia ya nguzo mbio.

Nguzo ni nzuri, sibishi. Zimesimama korongoni ndefu na nyembamba. Mvua na upepo vimeula udongo laini kwa muda mrefu, na palipokuwa na tabaka gumu juu, udongo wa chini yake ukasalia. Mgeni anapanua mikono, anapigwa picha, anageuka, anapigwa nyingine, anarudi barabarani kuwahi gari. Mbio zake hizo zimempitisha pembeni ya mali yenyewe bila kuinamisha kichwa.

Mali yenyewe ni mawe yaliyolala chini, zana za watu wa kale. Chuchumaa ulitazame moja, mikono ikiwa magotini. Upande mmoja ni pana, limejaa kiganja. Upande wa pili limechongoka. Kisha tazama kingo. Zimebanduliwa vipande vidogovidogo, kimoja upande huu, kimoja upande ule, kuzunguka jiwe zima, mpaka pakapatikana makali. Yapo ya kwazi, yapo ya mawe mengine magumu, na yapo makubwa kiasi kwamba unajiuliza mkono ulioyatumia ulikuwa wa namna gani. Mtu aliyelitengeneza jiwe lako alijua agonge wapi na agonge kwa nguvu gani, na akikosea alianza upya. Zamani hizo pale palikuwa na maji ya kina kifupi, wanyama walikuja kunywa, na kati ya mifupa iliyofukuliwa imo ya kiboko wa jamii iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko tunayemjua leo. Kundi la watafiti la Clark Howell lilichimba hapa mwaka 1957 na 1958, na vipimo vya urani kwenye mifupa, vilivyochapishwa mwaka 1972, vilitoa umri wa takriban miaka 260,000.

Na hapo ndipo mkono unapowasha. "Yako mengi, moja tu halitapungua." Nimelisikia neno hilo likisemwa na watu wazima wenye shahada, watoto wao wakiwa wamesimama pembeni wanasikiliza. Jiwe likiwa mahali pake linaeleza lilikuwa tabaka gani, lilikuwa na mawe gani mengine, lilikuwa karibu na mifupa ya mnyama gani. Likiwa juu ya kabati la tivii sebuleni kwako halielezi chochote, litapanguswa vumbi Jumamosi na siku ya kuhama litaachwa uani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakukataza kulichukua, lakini mimi nategemea zaidi ile mifuko uliyoshona.

Mjuaji atanijibu kwamba Isimila yenyewe ilijulikana kwa sababu ya kuokota. Ni kweli. Mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa safarini kurudi Afrika Kusini alipita hapa, akaokota mawe kadhaa akaenda nayo, na wataalamu walipoyaona wakajua kuna jambo. Lakini wakati ule hapakuwa na geti, mlinzi wala kibao, na mawe yale yalifikishwa kwa watu waliojua kuyasoma. Wewe umeambiwa, umeonyeshwa, umepewa na risiti.

Kutoka Isimila rudi mjini ulale. Kalenga ina siku yake.

Kalenga iko kilomita 15 hivi magharibi mwa mji, kando ya Ruaha Mdogo, kwenye njia ile ile ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ndiyo maana magari ya watalii huipita kwa kasi kila asubuhi, yakiwahi tembo, yakiwaachia vumbi wanafunzi wanaokwenda shule. Tembo watakuwepo hata saa nane mchana. Simamisha gari. Hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yaliyozungushiwa ngome ya mawe, na hapa ndipo Wajerumani chini ya Friedrich von Schele waliposhambulia kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Ngome ilianguka, Mkwawa akaponyoka. Walimsaka karibu miaka minne, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake, na tarehe 19 Julai 1898, alipozingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe.

Kichwa kilikatwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Ilichukua miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen, akaonyeshwa mafuvu yaliyohifadhiwa makumbusho, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Mwezi Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Liko pale hadi leo, ndani ya kioo, katika jengo dogo ambalo mtu mwenye haraka analizunguka kwa dakika tano.

Usiwe na haraka. Vua kofia. Simu iweke mbali mpaka uambiwe unaruhusiwa, na ukiruhusiwa, usijipige picha ukitabasamu bega kwa bega na fuvu la mtu. Utapata hamu ya kuuliza kama kweli ni lake. Swali ni halali, wanahistoria wameliuliza, na wahudumu wa pale wamelisikia mara nyingi kuliko unavyodhani. Uliza kwa sauti ya mtu aliye msibani. Kwa Wahehe wengi unaowakuta hapo huyo ni babu, na walichukuliwa kichwa cha babu yao kikawekwa kwenye rafu ya nchi nyingine pamoja na vichwa vya wenzake. Mtu aliyesimama mbele ya kioo kile akatoka na bado anataka jiwe la Isimila, huyo sina mwongozo wake.

Ukitoka nje, teremka mtoni. Uliza njia, kuna mashamba, kuna ng'ombe wanaoletwa kunywa, na upande wa pili vilima vinapanda kuelekea misheni ya Tosamaganga. Tembea mpaka njaa ikushike. Kabla ya kutia mguu majini muulize mtu wa hapo. Mto unaonekana mpole, lakini wao ndio wanaoujua.

Lugalo, mashariki mwa mji kwenye barabara ya Morogoro, unaweza kusimama ukiwa njiani kurudi. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wahehe liliwavizia hapo Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akauawa. Mnara uliopo waliujenga Wajerumani kwa ajili ya watu wao. Kwa michoro ya miambani nenda Igeleke, karibu kabisa na mji. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuifikia kwa miguu, na asiguse kwa vidole.

Mlambalasi iache mwisho, kwa sababu ni mbali, kilomita 50 hivi. Fuvu liko Kalenga, kiwiliwili kimezikwa huku, chini ya miamba mikubwa. Watafiti wakiongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta walipochimba kwenye miamba hiyo walikuta watu wengine waliozikwa hapo maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa kuzaliwa. Ukiona Kalenga ukaiacha Mlambalasi, umesalimia nusu ya mtu. Ondoka alfajiri, beba maji mengi kuliko unavyodhani yanahitajika, na kama umekwenda kwa bodaboda mwambie dereva akusubiri. Mkubaliane bei ya kusubiri kabla hajazima pikipiki, maana ukishapanda mwambani, yeye ndiye mwenye usafiri na wewe ndiye mwenye kiu.