Kilo Elfu Moja, Bila Abiria

Kazi ya nyumbani ya fizikia ifanywe kimyakimya. Binti wa dada yangu, kidato cha pili, aliisoma kwa sauti sebuleni, tena akitufasiria: gari la kilo 1,000 limesimama, likaondoka, na baada ya sekunde 10 linakwenda mita 20 kwa sekunde. Tafuta kani.

Swali jepesi. Gawa 20 kwa 10, mchapuko ni 2. Zidisha kwa 1,000, nyutoni 2,000, ukalale. Newton alishayamaliza haya kitabuni tangu mwaka 1687. Ila Newton hakuwa na kaka aliyewahi kuendesha daladala.

"Hizo kilo elfu moja, pamoja na abiria au bila abiria?"

"Mjomba, hawajasema."

"Ndivyo wanavyofelisha watoto. Andika: bila abiria."

Nikadokeza kwamba mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa. Kaka akaruka. "Mjini mwisho hamsini! Jibu ni faini, na trafiki anakuandikia palepale."

Mama naye, macho kwenye taarifa ya habari: "Barabara gani hiyo, sekunde kumi nzima hujakutana na tuta?"

Kusema kweli nawaonea wivu watu wa vitabu vya fizikia. Wanasukuma makasha kwenye sakafu isiyo na msuguano, upepo hakuna, mgongo hauumi, na hakuna anayeuliza atalipwa na nani.

Swali la pili lilikuwa la kaka kabisa: kwa nini abiria hurushwa mbele dereva akifunga breki ghafla? "Gari limesimama," alisema, "abiria hajapewa taarifa." Sijapata kusikia sheria ya kwanza ya Newton ikielezwa vizuri kuliko hapo. Angeishia hapo tungemwita mwalimu. Lakini sifa zikamvimbisha, akataka kuonyesha kwa vitendo: anavuta kitambaa cha meza, vyombo vinabaki vimekaa.

Inawezekana, tena si kiinimacho. Kitambaa kiwe laini, kivutwe kwa mkupuo mmoja, msuguano usipate muda wa kuvikokota vyombo. Cha mama ni cha kufumwa kwa uzi, matundu matupu, na kaka alikivuta kwa adabu, kama anayemwondolea mgeni shuka. Chupa ya chai ilitikisa kichwa, ikabaki. Vikombe viwili vikabaki. Bakuli la sukari, ambalo kitako chake kina vijiguu vitatu, lilikamatwa na matundu, likasafiri na kitambaa hadi ukingoni, kisha likaendelea na safari peke yake.

Sukari ikatanda kuanzia mguu wa meza hadi chini ya kochi. Taarifa ya habari ikazimwa.

Mtoto, kalamu mkononi: "Mjomba, hiyo ni sheria ya ngapi?"

"Ya kwanza," kaka akajibu kwa sauti ndogo.

"Ya tatu inakuja," mama akasema, akiinuka.