Heko kwa Anayetuhadithia Muvi

Nishani zimetolewa kwa watu wa kila aina nchi hii, lakini mmoja amesahaulika: yule jamaa wa kibanda umiza ambaye muvi ameshaiona, wewe hujaiona, naye kakaa benchi la nyuma yako.

Ni mkarimu, humwombi, anakupa. Ana sauti pia. Tumemsikia akimfunika hata Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, na Lufufu alikuwa na spika.

Ila sifa yake kuu ni huruma. Hapendi kuona moyo wa mwenzake unadunda ovyo, maana presha haina mzaha. Chukua Titanic ya mwaka 1997. Kwamba meli ilizama Aprili 1912 halikuwa siri ya mtu. Katika saa tatu na ushee za muvi ile, lililobaki kujulikana ni moja tu: Jack anapona au haponi? Nasi tumekulia kwenye imani kwamba steringi hafi. Tulimwona Schwarzenegger kwenye Commando akimiminiwa risasi na jeshi zima, akatoka na mikwaruzo. Tungeumia vibaya. Jamaa akaliona hilo mapema. Barafu bado iko mbali, Jack ndiyo kwanza anamchora Rose, kibanda kizima kimya kwa sababu zinazoeleweka, mara kichwa kinapenya katikati ya mabega yetu kikinuka karanga: "Huyu anakufa kwa baridi. Demu ndo anapanda mlango."

Tangu hapo sikuangalia muvi tena, niliangalia milango. Na meli ile ina milango! Kila ukifunguliwa nashtuka: ni huu? Hivi angenyamaza angepungukiwa nini? Hela ya kiingilio nilitoa mimi, ya karanga katoa nani sijui, halafu...

Samahani. Nilikuwa kwenye huruma.

Huruma hiyo inafika hadi mfukoni, na hapa Bongo Muvi ndiyo shahidi. Wakati wa DVD tuliuziwa hadithi moja mara mbili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja na kasha lake na bei yake. Ili zitimie mbili, gari lilifika getini, likapiga honi, mlinzi akaja taratibu, geti likafunguka, gari likaegeshwa, bosi akapanda ngazi, akaamkiwa, dada wa kazi akaleta juisi, juisi ikanywewa hadi chini huku kinanda kinalia. Hapo hakuna aliyesema lolote la maana. Mwishoni mke anashika simu ya mume, anasoma meseji, macho yanamtoka: itaendelea. Na stempu ya ushuru juu ya kasha, kuthibitisha kwamba nusu hadithi ni bidhaa halali.

Msambazaji alikuwa ameshanunua haki zote kwa mkupuo. Urefu wa geti ulikuwa faida yake. Leo wadau wa muvi wanalia kwamba maharamia waliua soko. Maharamia wapo, siwatetei. Ila mteja aliyelipia geti na juisi, akaambiwa alipe tena ndipo ajue meseji ilisema nini, huyo hakufukuzwa na haramia. Sasa amejikalia zake na tamthilia za Kituruki zilizotiwa Kiswahili.

Mimi sehemu za pili sikununua hata moja. Zote nilihadithiwa na jamaa kituoni, tukisubiri daladala, dakika tatu tatu, bila geti.