Malipo ni Jukwaa

Ukitaka kumjua mwanafunzi mwimbaji wa Chuo Kikuu cha Egerton, mwalike harusini. Atapanda matatu kutoka Njoro na gitaa mapajani, alipishwe viti viwili. Makanga naye anathamini sanaa.

Harusi yenyewe iko Ngata, kwenye kasri la Lord Egerton, yule bwana aliyeanzisha chuo mwaka 1939 kama shule ya kilimo na ambaye, husimuliwa, hakutaka mwanamke akanyage kwake. Leo maharusi wanapiga picha bustanini mwake. Kama mizimu husikia vigelegele, huyu amekoma.

Kijana wetu anaimba mchana kutwa. Mpiga picha amelipwa, mwenye mahema amelipwa, hata jenereta imenyweshwa dizeli. Mwimbaji anaambiwa amepata jukwaa, na sahani ya pilau ataletewa kamati ikishakula. "Si unaona tunakujenga, kijana?" Anayesema hivyo ni mwenyekiti, yule yule anayelalamika kila siku kwamba muziki wa Kenya haukui, kisha akaleta DJ wa nyimbo za Nigeria na kumlipa kabla hajashuka garini.

Jumatatu mkopo wa masomo wa HELB haujaingia. Mama mwenye nyumba anataka kodi, na kijana anajaribu kumweleza habari za jukwaa. Mama anasikiliza kwa makini, anaisifu sauti yake, kisha anamwomba: "Mwanangu, Jumamosi nina harambee, uje utuimbie." Bure, bila shaka. Kodi iko palepale.