Kuwatetea Waatamizi

Wapo wenye inda wanaodai ya kuwa vituo atamizi vya biashara changa havina faida, nami sina budi kuvitetea. Kwani kijana wa Bariadi aliyekulia katikati ya pamba, akatamani kukamua mafuta ya mbegu zake, angewezaje kustahimili tijara asipofunzwa kwanza, katika ukumbi wenye kiyoyozi, kulieleza wazo lake kwa dakika tatu mbele ya majaji ambao, kwa hekima yao, hawajapata kununua wala kuuza hata kilo moja ya pamba? Mtaji hapewi, na ni insafu, maana fedha huharibu adabu. Hupewa shahada, fulana, na nafasi ya kupigwa picha bandani Nyakabindi siku ya Nane Nane. Tazama walivyokosa subira vijana wa Maswa, waliokimbilia kutengeneza chaki, na wale wa Meatu, waliosindika maziwa yakanywewa! Kuku naye, kwa pupa yake, huatamia siku 21 akatotoa. Wazo lenye hadhi huhitaji semina za miaka mitatu. Mashine ya kukamulia haimo katika bajeti. Chai imo.